Kuifuata Nyota Yenye Mkia Hadi Bangwe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kihonda ananiuliza swali lilelile: "Mwalimu, uliiona?" Nikimjibu kwamba niliiona, anaridhika na kuendelea na shughuli zake. Wachache kati yenu ndio mliovuta kiti mkataka kujua ilikuwaje, na kwa nini mzee wa miaka sitini na mbili apande treni kwenda Kigoma kutazama nyota, ilhali anga lipo hata juu ya Morogoro. Nyinyi ndio ninaowaandikia. Mambo ya tiketi nayaruka, hayana utamu wowote.

Nianze na Hamisi, maana bila yeye safari hii isingekuwepo. Tulilala chumba kimoja chuo cha ualimu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Mimi nilisomea fizikia, yeye jiografia, na sote wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja wa kutazama juu. Alirudi kwao Ujiji akafundisha huko mpaka akastaafu. Baadaye akajenga chumba cha matofali kwenye mwinuko wa Bangwe, mahali unapoliona ziwa lote, akakiwekea paa la bati linalosukumwa kwa magurudumu ya geti, na ndani akasimamisha darubini aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi nchini kwake. Kila kulipokuwa na jambo angani, mwezi kupatwa au sayari mbili kukaribiana, aliwaita watu waje waangalie bure. Yeye alikiita kituo. Watu walisema tu "kwa Hamisi".

Alinialika mara nyingi. Sikwenda hata mara moja. Mwanzoni mwa mwaka akafariki, na habari zikanifikia baada ya maziko.

Ndipo ikasikika kwamba nyota yenye mkia inakuja, ile ambayo si nyota hasa bali ni donge la barafu na vumbi linalolizunguka jua. Ingeonekana magharibi, chini kabisa, jua likishazama, kwa siku chache tu. Nilimpigia simu mjane wake, Bi Zaituni, nikamwambia ningependa kuja kukifungua kituo ili watu waione.

"Njoo, shemeji. Ufunguo upo," akasema.

Morogoro hadi Tabora

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema ukweli. Kijana mmoja mfanyabiashara wa vioo vya simu aliyekaa mbele yangu aliniuliza nakwenda kufanya nini Kigoma. Nikamjibu, "Nakwenda kuangalia nyota."

"Aa, kumbe mzee ni mnajimu!" akasema kwa furaha, na papo hapo akanyoosha kiganja chake. "Hebu niangalizie. Kuna binti Tabora, sijui kama ananifaa."

Nilimweleza kwamba mimi sipigi ramli, mimi ni mwalimu wa fizikia, natazama nyota kama daktari anavyotazama damu, sisomi bahati ya mtu. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtu anayeelewa kwamba mganga mzuri hajitangazi. Kabla hatujafika Saranda, watu watatu wengine walikuwa wamekuja kwenye kiti changu. Mama mmoja alitaka kujua mbuzi wake wameibwa na nani. Nilipomwambia sijui, akaniangalia kwa uchungu na kusema, "Kama ni sadaka sema tu, baba, ninayo."

Baada ya hapo nilijifanya nimelala. Watu wakaanza kuzungumza kwa kunong'ona karibu yangu, wakapita wakiinamisha vichwa, na hakuna aliyethubutu tena kuniuliza hata saa. Nilinunua kuku wa kuchoma dirishani pale Saranda, kuku mtamu mwenye pilipili ya kutosha, nikamkaribisha yule kijana wa vioo. Akakataa kwa heshima. Nadhani aliogopa. Nikamla peke yangu nikitazama michongoma na mawe ya Singida yakirudi nyuma.

Tabora hadi Kigoma

Urambo akapanda mwanamke wa makamo aliyebeba dumu la asali na mfuko wa mihogo ya kuchemsha. Alikaa pale alipokuwa yule kijana, ambaye alishateremka Tabora bila kuniaga. Huyu mama hakuwa amesikia habari za unajimu wangu. Alinisalimu "Amahoro", kisha akajirekebisha mwenyewe: "Shikamoo, mzee." Jina lake Esperansi. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa msichana vita vilipowakuta, akaishi kambini Kasulu, halafu akaolewa na mtu wa Ulyankulu. Sasa alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake aliyejifungua.

Tulikula mihogo yake pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu nyumbani niliongea na mtu kwa muda mrefu. Alipouliza safari yangu ni ya nini, nilisita, lakini nikamwambia: kuna nyota yenye mkia, naifuata ziwani nikawaonyeshe watu.

Aliacha kutafuna.

"Ina mkia?"

"Ndiyo."

"Mkia mweupe, unaelekea juu?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka muhogo chini kwenye karatasi. Akanieleza kwamba miezi michache kabla ya kukimbia kwao, baba yake aliwaamsha alfajiri akawaonyesha nyota ya namna hiyo juu ya kilima. Bibi yake alilia. Haikuchukua muda, baba hayupo, bibi hayupo, nyumba imechomwa, naye anatembea gizani amemshika mkono huyo mdogo wake.

"Ndiyo hiyohiyo?" akaniuliza. "Imerudi?"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimejibu maswali ya kila aina, lakini hilo sikulitegemea. Nilifikiri anataka nimwambie ndiyo, kwamba kuna kitu kimoja cha utotoni mwake ambacho hakikupotea. Lakini siwezi kumdanganya mtu juu ya nyota.

"Hapana, mama. Ile ni nyingine. Ile ilishakwenda mbali sana. Haitarudi sisi tukiwa hai, wala watoto wetu, wala wajukuu zao."

Alinitazama kwa muda kama anayenipima.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani imetutafuta mpaka huku."

Akauokota muhogo wake akaendelea kula. Nilitazama nje ili asinione.

Kabla ya kufika mto Malagarasi treni ilisimama kungoja kupishana na nyingine. Tulingoja saa moja, mbili, nne. Akina mama wa jirani walituletea uji na samaki wa mtoni waliokaushwa kwa moshi. Jua likaanza kushuka, nami nikawa sina raha, kwa sababu kwa hesabu yangu jioni ile nilitakiwa niwe Bangwe. Siku zenyewe zilikuwa chache na mwezi ulikuwa unakua; ukijaa, mwanga wake ungeufuta mkia. Niliteremka na kidarubini changu cha mkononi nikatembea kando ya reli kutafuta mahali penye uwazi. Miti ya miyombo imezunguka kila upande, na moshi wa mashamba yaliyochomwa umetanda kama blanketi. Sikuona kitu. Niliporudi behewani, Esperansi alikuwa ameniwekea begi juu ya kiti ili mtu asikichukue.

Aliteremka Kazuramimba kabla ya mapambazuko. Aliniaga kwa Kirundi, maneno ambayo sikuyaelewa isipokuwa Imana, yaani Mungu. Kiti chake kikabaki wazi mpaka mwisho wa reli.

Kutoka stesheni hadi Ujiji

Nilifika Kigoma asubuhi, nikachukua pikipiki moja kwa moja mpaka Ujiji. Nyumba ya Hamisi haikunisumbua kuipata, nilimtaja jina, dereva akasema, "Wa nyota?" na akanishusha mlangoni.

Bi Zaituni alitoka akiwa amejitanda kanga nyeusi na nyekundu. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, anayetazama mikono yako unapoongea.

"Karibu, shemeji. Pole na safari."

"Asante. Pole kwa msiba, shemeji. Nimechelewa."

"Tumeshapoa," akasema. Kisha, baada ya kunipisha niingie: "Kuchelewa si umezoea?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu dukani.

Alinipa migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Sisi watu wa Morogoro ugali wa muhogo hatuujui sana. Ulininata vidoleni nikawa nahangaika nao kama mtoto. Aliniletea maji ya kunawa bila kucheka. Wakati nanawa, akaanza.

"Siku ile jua lilipopatwa. Unaikumbuka?"

Naikumbuka. Ilikuwa miaka kadhaa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nilete miwani maalumu ya kutazamia jua, maboksi mawili mazima, maana huwezi kulitazama jua hivihivi ukabaki na macho. Hamisi alikuwa ameshaalika shule tatu na nusu ya Bangwe. Sikutokea.

"Asubuhi ile alikaa barabarani anakungoja," Bi Zaituni akasema. "Watoto wamejaa, wazazi wamejaa. Jua linaanza kumegwa, miwani hakuna. Ikabidi awafukuzie wote kwenye madarasa ya shule ya karibu, afunge madirisha, asimame mlangoni na fimbo mtu asitoke. Amewaita watu waje waone jua, halafu amewafungia ndani wasilione. Walimcheka sokoni mwaka mzima. Wewe ukasema ulikuwa unaumwa."

"Ndiyo," nikasema.

Akachukua sahani, akaondoka. Aliporudi alikuwa na ufunguo umefungwa kwenye kamba ya wavu.

"Rashidi, shemeji yangu, ameweka magunia yake ya dagaa mle ndani. Nilimruhusu. Nyumba ikikaa tupu inaumwa. Usiyaguse bila ruhusa yake."

Bangwe, jioni ya kwanza

Nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya dagaa iliyonifanya nirudi nyuma hatua mbili. Magunia yalikuwa yamefika mpaka kiunoni, na katikati yake, limefunikwa shuka la maua, limesimama bomba la darubini. Kwenye ukuta Hamisi alikuwa ameandika kwa chaki majira ya sayari, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Nilikaa juu ya gunia. Nilikaa muda mrefu. Kulikuwa na kikombe chake dirishani, na ndani yake kijiko.

Halafu nikafanya kazi. Nikafuta vioo, nikapaka magurudumu ya paa mawese kwa kukosa grisi, nikaandika matangazo matano kwa kalamu nene: "Nyota yenye mkia. Kwa Hamisi, Bangwe. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Bure. Wote mnakaribishwa." Nikayabandika madukani na kwenye kibanda cha kahawa.

Saa kumi na mbili na nusu walikuwepo watu kama thelathini. Wanawake wamebeba watoto mgongoni, wazee wawili wenye kofia, wavuvi, wanafunzi wenye sare. Nilifurahi. Kisha nikatazama magharibi, nikaona jua lipo juu ya milima ya Kongo, jeupe, kali, kama saa kumi na moja.

"Bado kidogo," nikawaambia.

Tukangoja. Jua halikushuka. Au lilishuka, lakini polepole kuliko nilivyowahi kuliona likishuka maishani mwangu. Nikaanza kuwaeleza habari za barafu na vumbi, nikataja kilomita kwa mamilioni, nikaona macho yao yakihama kutoka kwangu kwenda kwenye magunia.

"Mwalimu," mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "hiyo nyota inatoka na jua?"

"Hapana, mzee. Jua likizama."

"Na jua si lile pale?"

Watu wakacheka. Mara adhana ya magharibi ikasikika kutoka chini, na nyingine ikajibu kutoka mbali. Wazee wakanyanyuka kwenda kuswali, wanaume wakafuata, na wake zao wakawafuata waume zao kwa sababu giza lilikuwa linakuja na chakula hakijapikwa. Nikamsikia mmoja akisema njiani, "Yule wa kwanza alitufungia jua, huyu katufungia nyota." Hakujua kwamba mimi ndiye niliyemfungia yule wa kwanza.

Wakabaki wanafunzi wanne. Nao wakaondoka.

Karibu saa moja na nusu, pale ambapo rangi ya machungwa ilikuwa inageuka kuwa buluu, niliiona. Kwanza kama doa. Halafu macho yakazoea, na mkia ukajitokeza juu yake, mrefu, umeinama kidogo, kama moshi wa kijiti cha udi kwenye chumba kisicho na upepo. Chini yake ziwa lilikuwa limetulia. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kwa macho yangu.

"Ile pale," nikasema kwa sauti.

Nilikuwa naongea na magunia ya dagaa. Naapa kwamba wakati ule ningetoa chochote apatikane mtu mmoja, hata yule kijana wa vioo vya simu, asimame kando yangu aseme, "Iko wapi? Aa, ndiyo, naiona." Mtu anaweza kula peke yake, na hata msibani anaweza kulia peke yake. Lakini kuona kitu kama kile bila mtu wa kumwonyesha ni mzigo, na nilishuka nao ule mwinuko mpaka Ujiji.

Siku ya mawingu

"Uliiona?" Bi Zaituni aliniuliza asubuhi.

"Niliiona."

"Na watu?"

"Walikuwa wameshaondoka."

Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani Morogoro jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini hi..." Nikanyamaza katikati ya neno. Kigoma ipo mbali magharibi. Nchi yote inatumia saa zilezile, lakini jua halina habari na saa zetu. Kule linazama nusu saa nzima baada ya kwetu. Mimi, niliyewachapa watoto kwa kukosea longitudo.

Bi Zaituni alijifunika mdomo kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Hamisi alikuwa hatangazi saa," akasema alipotulia. "Aliandika: tukitoka msikitini."

Nilikwenda soko la Mwanga kununua karatasi nyingine na kamba. Nilizunguka kutwa. Mafundi cherehani, wauza mitumba, akina mama wa mawese na sabuni zao. Kila mtu anaongea na mwenzake kwa Kiha, na kila niliyemsogelea aligeukia Kiswahili ili kunihudumia, kisha akarudi kwenye maongezi yake. Walinitendea wema wote. Ila sikuwa na sababu ya kusimama mahali popote zaidi ya dakika moja. Nilikwenda mpaka ufukweni Kibirizi kumtafuta Rashidi nimwombe ruhusa ya kuyasogeza magunia. Alikuwa anasimamia wapagazi, akaniambia nifanye nitakavyo ila yasilowe. Kisha akaniuliza mimi ni nani hasa kwa marehemu. Nikasema, "Rafiki yake." Akasema, "Aa," akarudi kazini.

Jioni walikuja watu wengi kuliko jana, baada ya swala, na wingu likaja pamoja nao. Lilitanda kutoka Kongo hadi juu ya vichwa vyetu. Mvua ya kwanza ya msimu ikapiga bati, tukalivuta paa haraka kuyaokoa magunia, na watu wakakimbia wamejifunika mifuko.

Niliporudi nimelowa, Bi Zaituni alinipa chai ya tangawizi. Sijui kama ni baridi au uchovu, lakini nilijikuta nasema.

"Shemeji, siku ile sikuwa naumwa."

Aliweka birika chini.

"Kulikuwa na watu wakubwa wanakwenda kusini, kule ambako jua lingebaki kama pete. Huku kwenu lingemegwa tu. Wakaniambia kuna nafasi kwenye gari. Nikaenda, na maboksi ya miwani yakabaki chini ya kitanda changu. Nilimdanganya."

"Najua," akasema.

Nilinyanyua uso.

"Na yeye alijua. Picha yako ilitoka gazetini, umesimama na wageni, umetazama juu unacheka. Jirani alimletea. Aliitazama, akaikunja, akasema, 'Basi, angalau mmoja wetu ameiona pete.'"

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote ile alikuwa ananiandikia, ananialika, ananitumia salamu za sikukuu, na anajua.

"Hayo aliyasema yeye," Bi Zaituni akaongeza akisimama. "Mimi sijayasema."

Bangwe, jioni ya tatu

Mvua ilikuwa imeosha moshi wote. Asubuhi milima ya Kongo ilionekana mpaka mikunjo yake. Matangazo sikuandika tena. Habari ilishasambaa kwamba yule mwalimu mgeni sasa anangoja watu watoke msikitini.

Walipanda ule mwinuko baada ya magharibi, wakiwa wengi nisiweze kuwahesabu. Na nyuma yao akaja Bi Zaituni na birika la kahawa na kashata kwenye sinia. Hakunisalimu. Alisimama mlangoni akaanza kupanga watu: wajawazito mbele, kisha wenye watoto, kisha wazee, "na nyie wavuvi mna macho ya usiku, ngojeni nyuma."

Niwaambie siri ya nyota yenye mkia: darubini haiitendei haki. Ukiiweka machoni unaona kichwa tu, kama taa kwenye ukungu. Mwanamke wa kwanza aliangalia, akanigeukia na kuniuliza, "Na mkia mmeuweka wapi?" Nikawatoa wote nje, nikawaambia wanyooshe mkono, waweke ngumi moja juu ya nyota moja kubwa iliyokuwa inawaka pale magharibi, kisha wasogeze macho kulia. Sauti moja ikasema, "Ile pale!" Na nyingine, "Wapi? Wapi? Eee, Mola!" Na nyingine kwa Kiha, na nyingine, mpaka mwinuko mzima ukawa unaonyeshana vidole. Mzee mmoja alimshika mke wake kidevu akamgeuza uso polepole mpaka akaipata.

Nilisimama katikati yao na sikuwa na kazi. Hakuna aliyenihitaji tena kuiona. Nilipata furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyeleta chakula kwenye sherehe isiyo yake.

Ilipoanza kuzama, niliigeuza darubini upande wa mashariki, kwa Zohali, ile sayari yenye pete, ili wasiopata zamu wapate kitu. Mwaka huu pete yake imetukalia upande, inaonekana nyembamba kama sindano iliyochomwa kwenye ushanga. Waliangalia mmoja mmoja mpaka foleni ikaisha, na adhana ya isha ikawachukua waliobaki.

Bi Zaituni alikuwa anakusanya vikombe.

"Na wewe, shemeji," nikasema.

"Mimi sijawahi kuangalia."

"Hata mara moja?"

"Alikuwa ananiita. Nilikuwa namwambia nyota haziivishi chungu."

Lakini aliweka sinia chini. Akainama, akaziba jicho moja kwa kiganja kama mtoto. Nilingoja. Nilimwona anashika ukingo wa gunia kujizuia. Alikaa pale muda mrefu kuliko watu wote wa jioni ile, na aliposema alisema bila kuondoa jicho.

"Kumbe alikuwa anakiona hiki," akasema, "halafu anashuka, anarudi nyumbani kula ugali na mimi."

Nilishika kamba ya paa nikangoja amalize.

Kurudi

Nilikaa siku mbili zaidi. Mwezi ulishakuwa mkubwa na mkia ukawa hauonekani ila kwa anayejua pa kutazama. Mchana Bi Zaituni alikuja Bangwe akataka nimwonyeshe namna ya kulifungua paa, kukaza skrubu ya mguu, kubadilisha lenzi. Anashika haraka kuliko wanafunzi wangu wote. Hatukuzungumza habari za kupatwa kwa jua. Siku ya kuondoka alinifungia migebuka ya kukausha kwenye gazeti na kunisindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno kamili, niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha. Pikipiki ikafika. Akasema, "Haya, shemeji, salama," akageuka.

Treni ya kurudi haikuchelewa popote. Watu waliokuwa karibu yangu waliniuliza natoka wapi, nikasema nilikwenda kuwaona ndugu. Hakuna aliyeleta kiganja. Nilifika nyumbani alasiri, nikafungua madirisha, nikafagia vumbi, nikapika wali wa mtu mmoja.

Mnaonipitia mnajua nilivyokuwa wiki zile za kwanza. Sikutoka sana.

Jumamosi iliyopita, wakati nimekaa sebuleni, simu ikalia. Ni Bi Zaituni. Nyuma yake nilisikia kelele za watu wengi, na magurudumu ya geti yakisaga juu ya reli yake.

"Shemeji," akasema kwa haraka, "kuna nyota imewaka juu ya ziwa, kubwa, haipepesi. Watu wamejaa huku. Nimeiweka kwenye darubini, inaonekana kama embe lililokatwa. Niwaambie nini?"

"Hiyo ni Zuhura," nikasema. "Waambie ni sayari, ina mchana na usiku kama sisi. Wanauona upande wa mchana tu."

"Siwezi kuyasema hayo yote. Subiri, naweka sauti kubwa. Waambie mwenyewe." Nikamsikia akiisogeza simu mbali na mdomo wake na kupaza sauti: "Nyamazeni! Huyu ni mwalimu mwenzake Hamisi. Msalimieni."

Mwinuko mzima wa Bangwe, wakubwa kwa wadogo, ukanipigia kwa pamoja shikamoo moja ndefu, na mimi peke yangu sebuleni Kihonda nikasimama wima, nikajikohoza, nikasema, "Marahaba."